Sura ya Sita: Alikufa kwa Tumbo

Boti za kwenda kwenye delta ya Rufiji husikiliza maji. Yakijaa, nahodha anawasha mashine na safari ya Mbwera, Msala au Kiongoroni inaanza. Yakipwa, mikoko inabaki wima juu ya mizizi yake, matope yanang'aa, na abiria aliyechelewa anakaa Nyamisati, boti zinakoondokea, kusubiri maji mengine. Huku ndiko kwenye hekta zipatazo 53,000 za mikoko, msitu mkubwa wa aina yake Afrika Mashariki. Ndani yake watu wa wilaya za Kibiti na Rufiji wanalima mpunga, wanavua kamba, wanaoana na kuzikana.

Msiba huku una lugha yake. Mgeni akifika matangani na kuuliza marehemu alikuwa akiumwa nini, hujibiwa kwa neno moja: tumbo. Wenyeji huitikia, "Poleni," na mazungumzo huhamia kwenye sanda na kaburi. Kuuliza zaidi ni kukosa adabu.

Neno hilo moja limebeba mizigo mingi. Ndani yake mna kipindupindu, ngiri iliyojinyonga, kidole tumbo kilichopasuka, ini lililovimba, kizazi kilichooza. Na ndani yake pia mna saratani ya utumbo mpana, iliyoanza kama kinyama kidogo kuliko punje ya mchele miaka mingi kabla ya mwenyewe kulalamika.

Sasa tuhamie kwenye hitima. Ubani umewashwa, juzuu zimesomwa, na mzee wa ukoo anawarehemu waliotangulia. Anataja jina la marehemu wa leo, halafu la baba yake, la babu, la shangazi aliyefia ugenini, la mtoto aliyezama mtoni. Mzee wa Kindengereko aliyelelewa vizuri anaweza kupanda vizazi vinne au vitano bila kukwama. Hospitali ya rufaa yenye kompyuta kila meza haina orodha kama hiyo. Lakini hata mzee huyu ana majina tu. Sababu za vifo zimezikwa pamoja na wenye majina.

Sura hii inahusu hasara hiyo. Yapo magonjwa ya utumbo yanayopita ndani ya ukoo kama pua au sauti inavyopita, na kifaa cha kwanza cha kuyagundua ni kujua nani alikufa kwa nini, akiwa na umri gani.

Mshona nguo wa Ann Arbor

Mwaka 1895, katika mji wa Ann Arbor nchini Marekani, daktari mmoja wa maabara aitwaye Aldred Warthin alizungumza na mwanamke aliyekuwa akimshonea nguo. Mwanamke yule alikuwa mnyonge kupita kawaida. Alipoulizwa, akasema anajua atakufa mapema kwa saratani ya kizazi au ya tumbo, kwa kuwa ndivyo walivyokufa wengi wa kwao.

Daktari mwingine angempa maneno ya faraja na kuondoka na nguo zake. Warthin alichukua kalamu. Akauliza majina, akauliza umri, akauliza kila mmoja alikufa kwa nini, akachora mti wa ukoo ule uliotokana na mhamiaji wa Kijerumani. Mwaka 1913 aliuchapisha. Mshonaji mwenyewe alikwisha kufa, kwa saratani ya kizazi, kama alivyosema.

Wanasayansi wengi wa wakati ule walipuuza. Saratani, walidhani, hairithiwi. Ilibidi apatikane daktari mwingine, Henry Lynch wa Omaha, ambaye kuanzia miaka ya 1960 alizunguka kwa wakulima wa Marekani akikusanya koo za namna hiyo na kunyimwa fedha za utafiti mara kwa mara. Leo ugonjwa huo unaitwa kwa jina lake: hali ya Lynch. Ukoo wa mshonaji uliendelea kufuatiliwa kwa zaidi ya karne moja, wazao wake wakafika 929 kwenye kumbukumbu, na mwaka 2000 jeni yenye kasoro ikapatikana. Sayansi ilitumia miaka 105 kuthibitisha alichokijua mshona nguo kwa kuhesabu makaburi ya kwao.

Walinzi wawili kwenye dungu

Ili kuelewa kasoro hizi, twende shambani. Mpunga ukianza kutoa masuke, mkulima wa Rufiji huhamia kwenye dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo. Kutoka humo anafukuza ndege mchana na nguruwe pori usiku. Tuseme dungu lina walinzi wawili. Mmoja akisinzia, mwenzake yu macho, na mpunga uko salama. Hasara huingia siku wote wawili wanapolala.

Ngozi ya ndani ya utumbo mpana hujisugua na kujifanya upya kila baada ya siku chache. Seli zinazaliwa, zinafanya kazi, zinakufa. Kazi hiyo ya haraka inahitaji ulinzi, na mlinzi mkuu ni jeni iitwayo APC, iliyo kwenye kromosomu ya 5. Kila seli inazo nakala mbili, moja kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama. Kwa watu wengi walinzi wote wawili huzaliwa macho, na huchukua miongo mingi hadi wote walale ndani ya seli moja. Ndiyo maana saratani ya utumbo kwa kawaida ni ugonjwa wa wazee.

Lakini wapo watu wanaozaliwa na mlinzi mmoja amelala tayari katika kila seli. Aliyebaki akisinzia, hata katika seli moja tu, kinyama kinaanza kuota. Kwa kuwa utumbo una seli mamilioni kwa mamilioni, kinyama hakiwi kimoja. Vinakuwa mamia, hata maelfu. Madaktari huviita polipu. Vingine vina shina na kichwa kama uyoga, vingine vimelala bapa. Ukitazama utumbo wa mgonjwa wa namna hii kwa kamera, ni kama mtama uliomwagwa juu ya mkeka: huoni mahali pa kuweka kidole.

Hali hii kwa kifupi huitwa FAP. Hupata takriban mtu mmoja kati ya 10,000. Vinyama huanza kuota katika umri wa kubalehe, na kila kimoja ni kura ya saratani. Kura zikiwa elfu, moja itashinda tu. Asipotibiwa, karibu kila mwenye hali hii hupata saratani, na wastani wa umri ni chini kidogo ya miaka 40. Mtoto wa mwenye FAP ana nafasi nusu kwa nusu ya kurithi, awe wa kiume au wa kike. Na karibu mtu mmoja kati ya wanne wenye FAP hana mzazi mgonjwa: kasoro imeanzia kwake, naye ndiye babu wa mwanzo wa tatizo kwa wazao wake.

Walioielewa hali hii vizuri walikuwa wapasuaji wa hospitali ya St Mark's mjini London. Mwaka 1924 walianzisha daftari la koo zenye polipu. Mgonjwa akiletwa, waliandika jina lake na la ndugu zake, wakawaita ndugu hao wakiwa bado wazima, wakawachunguza. Daftari lile bado lipo. Somo lake la kwanza ni kwamba ndugu aliyeitwa kabla ya kuumwa aliishi kuliko ndugu aliyekuja mwenyewe akivuja damu. Matibabu ni makubwa, kwa kawaida kuondolewa utumbo mpana ujanani, lakini mtu anaishi, anafanya kazi, anaoa, anazaa.

Fundi wa nyavu

Hali ya Lynch ni ya kawaida zaidi, na inajificha zaidi. Inakadiriwa kwamba katika kila watu 280 hivi duniani mmoja anayo, na wengi wao hawajui.

Hapa hakuna mtama juu ya mkeka. Vinyama ni vichache, pengine kimoja tu. Kilichoharibika ni fundi. Mvuvi wa delta akirudi na wavu, huutandaza mchangani na kutafuta matundu. Akiyaona madogo huyashona papo hapo, maana kesho yatakuwa makubwa. Seli nazo, kila zinapojigawa, hunakili maandishi ya jeni na kukosea herufi kadhaa. Kuna jeni ambazo kazi yake ni kukagua na kushona makosa hayo, zikiwemo MLH1 na MSH2. Fundi akiwa mbovu, matundu yanaachwa, na makosa yanarundikana upesi.

Kwa mtu wa kawaida kinyama huchukua kama miaka kumi kugeuka saratani. Kwa mwenye Lynch safari hiyo yaweza kwisha ndani ya miaka miwili au mitatu. Kutegemea na jeni iliyoharibika, hadi karibu nusu yao watapata saratani ya utumbo maishani wasipofuatiliwa, wengi wakiwa kwenye miaka ya 40. Wanawake wana hatari nyingine kubwa ya saratani ya kizazi. Hivyo ndani ya ukoo mmoja mjomba anakufa kwa tumbo, mama mdogo anakufa kwa kizazi, na hakuna anayeona kwamba misiba hiyo ni ndugu wa tumbo moja.

Zipo hali nyingine chache zaidi. Iko ile ya Peutz na Jeghers, iliyopewa majina ya madaktari wawili: Mholanzi aliyeandika mwaka 1921 na Mmarekani aliyefuata mwaka 1949. Mtoto huota madoa meusi midomoni na ndani ya mashavu, na vinyama vyake huweza kukunja utumbo hadi ukaziba. Kwenye ngozi nyeusi madoa ya mdomoni hupita bila kuonekana. Mtazame ndani ya mashavu.

Na iko moja inayohitaji kasoro kutoka pande zote mbili, kwa baba na kwa mama, kwenye jeni iitwayo MUTYH. Wazazi ni wazima kabisa, watoto wao wachache wanaugua. Pwani tunasema binamu nyama ya hamu, na ndoa za mtoto wa mjomba na mtoto wa shangazi ni za heshima. Hakuna anayeziharamisha hapa. Ila magonjwa ya namna hii hupenda koo zinazooana, kwa kuwa kasoro moja ya babu mmoja hurudi nyumbani kwa milango miwili.

Tusitiane hofu. Saratani nyingi za utumbo hazirithiwi kwa njia hizi. Zinazotokana na jeni moja iliyojulikana ni kama asilimia 5. Lakini asilimia hiyo mara nyingi huua watu wakiwa bado vijana, na ndiyo inayoweza kutabiriwa kwa jina na kwa nyumba.

Dhana kwamba si ugonjwa wetu

Wapo watakaosema saratani ya utumbo ni ya Wazungu. Dhana hiyo haikutoka hewani. Denis Burkitt, mpasuaji wa Ireland aliyefanya kazi Uganda tangu miaka ya 1940 hadi ya 1960, ndiye aliyeitangaza kuliko wote. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walizunguka Afrika Mashariki na ya Kati kwa gari, takriban maili 10,000, wakiuliza hospitali moja baada ya nyingine kuhusu uvimbe wa taya kwa watoto ambao leo unaitwa kwa jina lake. Baadaye akageukia utumbo. Aliona wanakijiji wa Uganda wanapata haja kubwa nyingi na laini, chakula kikipita mwilini kwa muda mfupi kuliko kwa Waingereza, na saratani ya utumbo haionekani sana wodini. Mwaka 1971 aliandika kwamba siri ni makapi ya chakula, yale tunayoyaita nyuzinyuzi.

Kuhusu chakula, Burkitt alikuwa karibu na ukweli. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2015, Wamarekani weusi 20 na wanakijiji 20 wa Afrika Kusini walibadilishana chakula kwa wiki mbili tu. Dalili za hatari ndani ya utumbo zikahama pamoja na sahani. Mwaka 2025 yalichapishwa matokeo ya jaribio la namna hiyo kwa wanaume 77 wa Kilimanjaro: waliotoka kwenye chakula cha asili kwenda kwenye chakula cha kisasa miili yao iliingiwa na uvimbe wa ndani, na waliorudi kwenye maharage, mboga na ndizi za kwao walitulia. Mkazi wa delta mwenye muhogo, kisamvu, matembele na samaki hana sababu ya kuionea wivu sahani ya chipsi mayai pale stendi ya Kibiti.

Lakini daftari la wodi linahesabu wanaofika wodini. Aliyefia Mbwera kwa tumbo hakuhesabiwa na Burkitt wala na mwingine yeyote. Tulipoanza kuhesabu, wagonjwa walionekana. Madaktari wa Mwanza walipokusanya kumbukumbu za miaka mitano, kuanzia Julai 2006 hadi Juni 2011, waliwakuta wagonjwa 332 wa saratani ya utumbo mpana na njia ya haja kubwa. Nusu yao walikuwa na umri wa miaka 46 au chini ya hapo. Nchi za Magharibi wagonjwa wengi wamepita miaka 60. Sehemu ya tofauti hiyo ni kwamba sisi ni taifa la vijana. Hata hivyo, mgonjwa wa miaka 40 ni mtu wa kuulizwa habari za kwao, siyo wa kuandikiwa dawa na kuruhusiwa.

Na chakula, pamoja na wema wake wote, hakimwamshi mlinzi aliyezaliwa amelala. Kuna jaribio moja zuri la kupima mpaka huo. Watafiti wakiongozwa na John Burn wa Uingereza waliwashirikisha watu wenye Lynch, zaidi ya 900 kutoka nchi mbalimbali, na kuwapa baadhi yao wanga mgumu kumeng'enywa, kiasi kinacholingana na kilichomo kwenye ndizi moja isiyoiva sawasawa kila siku. Saratani ya utumbo mpana haikupungua. Zilizopungua, kwa zaidi ya nusu, ni saratani nyingine, hasa za sehemu za juu za mfumo wa chakula. Katika jaribio hilohilo wengine walipewa aspirini miligramu 600 kila siku kwa miaka miwili, na miaka kumi baadaye saratani ya utumbo kwao ilikuwa pungufu kwa takriban theluthi moja kuliko kwa wenzao. Asiondoke mtu hapa kwenda duka la dawa: aspirini hutoboa vidonda na kuvujisha damu, na kipimo chake huamuliwa na daktari anayemjua mgonjwa.

Kaya na ukoo

Rufiji inajua faida ya kuuliza vifo kuliko wilaya nyingi za Afrika. Mwishoni mwa miaka ya 1990 wilaya hii na Morogoro ziliingia kwenye mradi wa Wizara ya Afya na Wakanada ulioitwa TEHIP. Novemba 1998 wahesabuji walianza kupita nyumba kwa nyumba kila baada ya miezi minne: nani kazaliwa, nani kahama, nani kafa. Palipotokea kifo, mhojaji aliyefunzwa alirudi baada ya siku za majonzi, akakaa mkekani na ndugu, akauliza kwa upole. Homa ilianza lini? Alikuwa anatapika? Tumbo lilivimba? Kinyesi kilikuwa na damu?

Kutokana na maswali hayo, wakuu wa afya wa wilaya waliona kwamba fedha zao haziendi mahali vifo vilipo. Wakazihamisha. Ndani ya miaka michache vifo vya watoto wadogo vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40 kwenye wilaya hizo mbili. Dawa mpya haikuvumbuliwa. Watu waliulizwa waliowazika walikufa kwa nini, na majibu yakatumiwa.

Huo ni ushahidi wetu wenyewe, wa hapa hapa. Ila daftari lile lilifuata kaya, yaani watu wanaokula chungu kimoja. Jeni haifuati chungu. Mjomba aliyehamia Mbagala miaka ishirini iliyopita ametoka kwenye daftari la Rufiji, shangazi aliyeolewa Mafia naye ametoka, na mtoto wa nje aliyelelewa Ikwiriri hajawahi kuandikwa kwa baba yake. Daftari la hospitali nalo linamfuata mgonjwa mmoja mmoja. Anayefuata ukoo wote, popote ulipotawanyika, ni yule mzee wa hitima.

Mwaka 1990 wataalamu waliokutana Amsterdam walitunga kanuni ambayo mzee huyo angeweza kuitumia bila kipimo chochote. Huitwa tatu, mbili, moja. Ndugu watatu wa damu wenye saratani ya utumbo, mmoja wao akiwa mzazi, mtoto au ndugu wa tumbo moja na wale wawili. Vizazi viwili vinavyofuatana. Mmoja aliyeugua kabla ya miaka 50. Mwaka 1999 waliongeza saratani ya kizazi na nyingine chache kwenye hesabu.

Tuijaribu kwa ukoo wa kubuni. Kijana wa miaka 28 anaona damu kwenye haja kubwa. Mama yake alikufa kwa tumbo. Bibi mzaa mama naye tumbo. Mama mdogo alikufa kwa kizazi. Hapo ni majina matatu na maneno yasiyo na maana. Sasa tutafute umri. Mzee hakumbuki miaka, anakumbuka matukio. Bibi alifariki muda mfupi baada ya watu kuhamishiwa vijiji vya ujamaa, akiwa hajaacha kuzaa. Mama mdogo alizikwa mwaka wa El Niño, mtoto wake wa mwisho akiwa darasa la pili. Mama alifariki daraja la Mkapa lilipofunguliwa, mwaka 2003, na alikuwa hajafika hamsini. Ghafla ile misiba mitatu imekuwa wanawake watatu waliokufa wakiwa na nguvu zao, kwenye vizazi viwili. Kijana huyu hana bawasiri mpaka ithibitishwe kwamba ni bawasiri.

Njia ya kwenda kwenye kamera

Maana bawasiri ndiyo pazia kubwa. Damu kwenye haja kubwa pwani ina majina mengi ya haraka: bawasiri, amiba, tumbo la kuhara damu. Maumivu ya tumbo kwa mwanamume ni ngiri, kwa mwanamke ni chango. Na pale ambapo watoto wengi wamewahi kukojoa damu ya kichocho, damu haiogopeshi sana. Mgonjwa anakunywa mizizi, inapungua, anarudi kuvua. Misiba ikifuatana nyumba moja, tafsiri nayo inafuatana: mkono wa mtu. Ukoo unaanza kutazamana kwa jicho baya, mke wa kuja anasingiziwa, mzee mmoja anahamishwa kijiji. Hakuna anayemtuhumu bibi aliyelala kaburini, ambaye hakufanya kosa lolote zaidi ya kuwarithisha wanawe alichorithi yeye.

Kipimo chenyewe ni kolonoskopi: mpira laini, mnene kama kidole, wenye taa na kamera mbele, unaopitishwa njia ya haja kubwa mgonjwa akiwa amepewa dawa ya usingizi mwepesi. Kinyama kikionekana, daktari anapitisha kitanzi cha waya, anakikaza kwenye shina na kukikata kwa umeme. Chenye shina jembamba huondoka kwa dakika chache. Saratani ambayo ingekuja baada ya miaka imekatwa ikiwa kichanga, na kipande kinakwenda maabara. Kwa Tanzania kipimo hiki hufanyika kwenye hospitali kubwa kama Muhimbili ya Dar es Salaam, KCMC ya Moshi na Bugando ya Mwanza. Saratani iliyokwisha kukomaa hupelekwa, miongoni mwa sehemu nyingine, Taasisi ya Saratani Ocean Road, iliyomo kwenye majengo ya hospitali ya Wajerumani ya miaka ya 1890.

Kwa mtu wa Upanga hizo ni hatua chache. Kwa mtu wa Msala, hesabu ni nyingine. Utumbo lazima uwe mtupu, kwa hiyo siku moja kabla mgonjwa hali chakula kigumu na hunywa lita kadhaa za dawa ya kuharisha, akikimbilia choo tangu jioni hadi alfajiri. Huwezi kuinywa dawa hiyo ukiwa ndani ya boti iliyokwama matopeni. Inabidi uvuke mapema, upande gari hadi barabara kuu, kisha hadi Dar es Salaam, ufikie kwa ndugu Mbagala na kuomba choo chake kwa usiku mzima. Gharama ya kwanza ya kipimo hiki, kabla ya hela ya hospitali, ni kuwa na ndugu mjini.

Je, inawezekana mambo kuwa tofauti? Afrika Kusini wameonyesha. Kwenye Rasi ya Kaskazini, mbali na Cape Town, ziko koo zenye kasoro moja ileile ya jeni ya MLH1. Madaktari na watafiti wa Chuo Kikuu cha Cape Town hawakungoja wagonjwa waje. Walichora miti ya koo, wakapima damu kujua nani amerithi na nani hakurithi, halafu kila mwaka wakabeba vifaa vyao vya kolonoskopi na kuwafuata watu kwenye hospitali za kwao. Mwaka 2009 walitoa hesabu ya watu 178 waliorithi kasoro hiyo. Kati ya waliofuatiliwa, asilimia 11 walipata saratani ya utumbo. Kati ya wasiofuatiliwa, asilimia 27. Waliokufa kwa saratani hiyo walikuwa asilimia 2 upande mmoja na asilimia 12 upande wa pili. Na aliyeonekana hakurithi aliondoka na kitu kisicho na bei: ruhusa ya kuacha kuogopa, yeye na watoto wake.

Koo hizo si tajiri, na barabara zao ni ndefu kuliko zetu. Walichokuwa nacho ni orodha ya majina yenye sababu za vifo na umri.

Kwa hiyo, msomaji, siku ya hitima ijayo, watu wakishakula na wazee wakiwa wameegemea ukuta, kaa karibu na yule mkubwa kuliko wote. Mwambie, "Shikamoo babu, naomba unihesabie." Chukua daftari la mtoto wa shule. Andika jina, andika alikufa kwa nini, andika alikuwa na watoto wa umri gani alipokufa. Miaka utaitafuta baadaye. Upande wa baba na upande wa mama, wote sawa. Ukikuta tatu, mbili, moja, au hata mmoja tu aliyeugua utumbo au kizazi kabla ya hamsini, lipeleke daftari hilo kwa daktari kabla ya kuumwa, na uwaite ndugu zako. Ukiona damu kwenye haja kubwa kwa wiki mbili, nenda hospitali hata kama daftari ni jeupe.

Usikawie. Babu akifa, naye watasema alikufa kwa tumbo, na orodha yote itakuwa imezikwa.